Maneno ya Nduku kwa Kiingereza Changu

Alhamisi, Februari 2007. Kitengela.

Jua la leo lilikuwa la kuchoma, na upepo umeleta vumbi hadi ndani ya hii saiba ya intaneti. Kibodi inakwaruza vidole. Sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Leo wageni walikuja shambani, wale wanaonunua maua yetu kutoka ng'ambo. Tulijua mapema, kwa sababu asubuhi tulipewa glavu mpya, maski na aproni za kijani, na kwa choo kukawekwa sabuni. Tangu nianze kukata waridi hapo sijawahi kuona sabuni kwa kile choo.

Supavaisa wetu ni Anko Kariuki, ndugu ya mama. Ndiye aliniingiza kazi nilipomaliza fomu foo na karo ya koleji ikakosekana. Alitupanga mstari akatuambia tukiulizwa tuseme glavu ziko kila siku, na dawa ya wadudu ikipigwa tunatoka nje ya banda mpaka ikauke.

Hatutoki. Dawa hupigwa tukiwa ndani, tukikata. Msimu huu wa Valentain ndio mbaya zaidi, maana maua hayangoji mtu akohoe.

Nduku hukata mstari ulio karibu na wangu. Ni mama wa Makueni, alikuja huku kutafuta kibarua mvua ilipowakataa kwao. Ngozi ya viganja vyake inabanduka. Ana mtoto mchanga, na siku moja aliniambia kuwa siku hizi jirani ndiye humwogesha, kwa sababu yeye akimgusa, mashavu ya mtoto yanatoka vipele.

Mgeni mmoja, mama mzee mwenye kofia, alisimama mbele ya Nduku akamuuliza kwa Kiingereza kama ana shida yoyote kazini. Nduku hajui Kiingereza. Anko akanisukuma mbele nitafsiri. Nafikiri aliniamini kwa sababu mimi ni damu yake.

Nduku alinitazama, akamtazama anko, halafu akavua glavu.

"Mwambie hizi tumepewa leo asubuhi," alisema. "Mwambie tunapigiwa dawa humu ndani kama sisi ndio wadudu. Mwambie siwezi kushika mtoto wangu."

Anko alikuwa anatabasamu, meno tu. Akaniambia polepole kwa Kikuyu, niseme huyu mama ako sawa na anashukuru kwa kazi.

Kudanganya kungekuwa rahisi hivyo.

Nilitafsiri yote. Yule mgeni alishika kiganja cha Nduku, akakigeuza, macho yakamjaa machozi. Nikafikiri, sasa mambo yatabadilika.

Alimwita meneja kando wakaongea. Meneja alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari hizo mara ya kwanza. Kisha wageni wakapewa kila mmoja shada la waridi, wakapiga picha na sisi, wakaondoka. Yule mama alinipungia mkono.

Vumbi la magari yao halijatulia, glavu zikakusanywa. Sabuni pia.

Anko akatuita mimi na Nduku. "Kesho msikuje," alisema. Hakufoka. Akaniambia mgeni amenisifu sana kwa meneja, kwamba mimi ni msichana jasiri. Mgeni alimwonyesha meneja hata na kidole, huyo msichana ni yupi.

Mama ameshapata habari huko Kimana kwa shamba lake la vitunguu. Amenipigia simu.

"Anko wako amekupatia kazi, wewe unamwaibisha mbele ya wazungu," alisema. "Huyo Nduku ni nani kwako?"

Kwa kweli Nduku si mtu wangu. Hatujawahi hata kunywa chai pamoja.

Hasira yangu si kwa anko peke yake. Yeye naye ana watoto, na anaogopa kufungiwa geti kama sisi. Kinachonikaba ni yale machozi ya mgeni. Alilia vizuri, akaenda zake na maua.

Kabla ya kuja hapa nilipitia kwa Nduku. Alikuwa ameketi mlangoni, mtoto amelala kwa shuka. Aliniambia kesho anaenda machimboni kugonga kokoto, kwamba jiwe likikuumiza angalau unaliona. Nilitaka kumwomba msamaha, maana ningenyamaza, angekuwa bado na kibarua. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kuuliza.

"Ulimwambia yote? Mimi nilikuwa nasikia Kiingereza tu."

"Yote."

"Hata ya mtoto?"

"Hata ya mtoto."

"Haya," alisema. "Nilidhani utaficha maneno yangu."

Asubuhi nitaamka saa zile zile, mwili umeshazoea, na sijui nitaelekea wapi. Mama akipiga tena kuniuliza kama ningerudia, nitamwambia sijui, kwa sababu ni mama yangu.

Hapa naandika ukweli. Ningerudia.