Maganda ya Mbuzi wa Bi Zuleikha

Baba Sahar,

Nnakwenda sokoni na kikapu changu cha ukili, mifuko ya plastiki usiniletee tena. Maji niliyooshea mchele mwagia mchicha.

Kila siku unanambia maganda umeyatia kwenye ndoo ya mbolea, na ndoo naikuta tupu. Jana jirani yetu Bi Zuleikha kanambia mbuzi wake wanakushukuru. Wewe, ambaye hata taka hujawahi kunitolea.

Basi asubuhi hii, ulipokuwa umelala, maganda nimempelekea mimi. Kafungua mlango kajifukiza udi, akachungulia nyuma yangu. "Leo mwenyewe haji?"

~~Chakula kale huko huko.~~ Chakula nimekifunika kwa kawa. Kula, kisha nisubiri, usitoke.

Mama Sahar