Tangazo Ambalo Likombe Hawakulisoma

S.L.P. 218,
Chuno, Mtwara.
16 Agosti, 2007.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na Mama amepona mafua? Baridi ya Mbinga naijua, kwa hiyo usimruhusu kwenda misa ya alfajiri bila sweta, hata akikwambia anakwenda kwa Mungu na si kwa watu. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, maana leo nimeanza barua hii mara nne, na kila mara nimeinuka kuchungulia dirishani, ambako hakuna kitu ila ukuta wa jirani.

Nasikia unawatangazia wanajumuiya kwamba binti yako anaifundisha mashine Kiswahili. Punguza kidogo, Baba, angalau mpaka umalize kunisoma.

Unakumbuka kituo chetu kina kurasa za wakulima wa korosho, zinazotunzwa kwenye kompyuta iitwayo seva. Kila kijiji kina ukurasa wake, na bwana shamba huuchapa na kuubandika kwenye ubao wa matangazo. Mwezi wa tano niliiongezea seva programu ndogo, moduli, ili ielewe amri niliyoibuni mwenyewe: Tangazo. Amri hiyo ukiiandika kwenye faili kuu la mipangilio, maneno yake yanatokea kwenye kurasa zote. Ukiiandika kwenye faili la kijiji, yanatokea kwa kijiji hicho tu.

Mafaili ya vijiji yalikuwa mikononi mwa Abdallah, mwenzangu wa meza ya pili, mzaliwa wa kijiji cha Likombe, mtu mtaratibu anayenicheka ninavyokula muhogo kwa uma. Mwezi uliopita liliwekwa onyo kwenye faili kuu: dawa ya salfa iliyokuja kwenye mifuko myeupe isipuliziwe mikorosho mpaka ipimwe. Siku hiyo hiyo Abdallah aliandika kwenye faili la Likombe mstari mmoja tu, kwamba bwana shamba atafika Jumanne.

Ukurasa wa Likombe ukachapwa na Jumanne yake, bila onyo. Watu wakapulizia. Maua ya mikorosho yaliungua yakawa meusi, na wa kwanza kupata hasara alikuwa Mama Somoe, aliyemzaa Abdallah. Mikorosho yake arobaini haitazaa mwaka huu, na ndiyo inayomlisha.

Mkuu wetu, Bwana Fredi, alisema Abdallah amelifuta onyo kwa uzembe. Abdallah aliapa kuwa hakufuta neno. Baadaye akaacha kuapa, akasema labda alifuta bila kujua. Amesimamishwa kazi, na kesho Ijumaa kamati inakaa kumfukuza. Nyumbani haendi tena. Ananiambia hawezi kumtazama mama yake usoni.

Baba, hakufuta kitu. Ulipokuwa mwalimu mkuu, ulitangaza jambo mstarini kwa shule nzima, kisha mwalimu wa darasa akaongeza lake, na watoto wa darasa la nne wakashika yote mawili. Moduli yangu haikujua kushika mawili. Kijiji kikiwa na tangazo lake, lile la wote lilitupwa. Sehemu ya kuyaunganisha nilipaswa kuiandika mimi, na nilijua. Wageni walikuwa wanakuja kuona kazi yangu, nikataka sifa mapema, nikajiambia nitaimalizia Jumatatu. Nikajaribu kwenye vijiji vitatu visivyo na tangazo lao, vikapita, na Jumatatu ikasahaulika.

Hilo ni kosa. Lililofuata ni dhambi. Habari za Likombe zilipofika nilielewa papo hapo, nikaiandika ile sehemu asubuhi ile kabla ya chai. Saa nne Bwana Fredi aliniuliza kama mtambo wangu una hitilafu. Nikamjibu kuwa unafanya kazi vizuri. Kwa saa ile ilikuwa kweli, na Abdallah alikuwa amesimama pembeni yangu akitikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo situlii. Ngoja ngoja yangu imeumiza matumbo ya wengine. Jana Mama Somoe alinitumia fungu la muhogo, na salamu kwamba ananishukuru kwa kuwa nimebaki rafiki wa mwanawe wakati wengine wanamkwepa. Muhogo huo umelala jikoni kwangu, sijaweza kuumenya.

Nikishaitia barua hii posta nakwenda Likombe kwake kwanza, kisha kwa Abdallah, na kesho nitaingia kwenye kamati kabla hawajaketi. Ukiisoma hii, huenda sina kazi. Waambie wanajumuiya na hili, vilevile ulivyowaambia lile la kwanza.

Mpe Mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Muhogo naubeba kumrudishia Mama Somoe. Akinikaribisha niule baada ya kunisikia, nitaula kwa mkono.

Ni mimi binti yako,
Irene