Ukurasa wa Ndege

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Manga hatujambo. Chai imechipuka vizuri, na mama yako mdogo amejifungua msichana. Nyumba imekuwa kimya tangu tumzike babu yako, lakini barua yako imenichangamsha.

Unauliza kama uupange upya ukurasa wa ndege katika albamu ya stempu aliyokuachia, kwa kuwa stempu za nchi mbalimbali zimechanganywa humo.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, paa lilivuja, stempu za babu yako zikashikamana. Alitaka kuzitupa. Nikaziloweka, nikazibandua, nikazianika kwenye ungo kama punje za wimbi. Mama mkwe akanicheka: “Bibi arusi, leo tutakula ugali wa barua?”

Kisha akaketi kunisaidia. Hakujua kusoma, kwa hiyo alitenga kwa picha: ndege huku, maua kule. Babu yako aliporudi kutoka shule aliyofundishia, akachukua stempu ya Uganda yenye korongo.

“Huyu aende Uganda, Mama.”

“Aende kufanya nini? Kila asubuhi yuko hapo bondeni kwetu!”

Babu yako alicheka mpaka akakaa chini, akawabandika ndege wote pamoja.

Kurasa nyingine zipange upendavyo. Huo uache. Kila mgeni aliyefika hapa, babu yako alimfungulia huo kwanza, akisema, “Huu waliupanga mama na mke wangu.”

Nyanya yako anayekukumbuka