Bukta ya Shangazi Jukwaani

Todmorden,
3 Februari 1975

Wameuchukua! Mchezo wako wameuchukua, Avril, utachezwa hapa hapa kwenye ukumbi wa kanisa letu, Pasaka hii! Nimeambiwa leo buchani kwa Sugden. Niliacha soseji zangu kwenye mizani nikatoka nje kumwambia kila aliyepita, hata yule bwana wa posta ambaye hatusalimiani.

Haya, sasa salamu. Hujambo huko Bristol, mwanangu? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi tupo, ila baba yako ni yule yule. Tangu kiharusi kile cha vuli hajatamka neno. Kutembea anatembea na fimbo yake, lakini mlango wa nje havuki. Anaona aibu watu wamsemeshe akose la kujibu. Yule mama wa hospitali anayefundisha kusema huja, humwonyesha kikombe: "Sema kikombe, Bwana Crabtree." Baba yako anageukia dirishani.

Kuna jambo moja dogo tu. Bi Thirza Greenwood, mkubwa wa kamati ya maigizo, anataka matusi yote yatoke. "Edna," kaniambia, "mwanao ana kipaji, sikatai, lakini huyo msimamizi wa mabasi aliyemtia mchezoni akifungua mdomo mimi naziba masikio." Yatoe, mwanangu. Hata mimi nilipousoma nilikwenda kunywa maji.

Wako akupendaye,
Mama


Bristol,
10 Februari

Mama mpenzi,

Kikohozi kimekwisha, asante, na natumai miguu yako haivimbi kwa baridi hii.

Matusi siyatoi. Watu wangu ni madereva, Mama, si wageni wa chai kwa mchungaji. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Boneti inamwangukia msimamizi kwenye vidole, naye anasema, "Lo, jamani!" Nani atamwamini? Amekuwa kama askofu aliyemwagikiwa supu. Mwambie Bi Thirza anirudishie karatasi zangu.

Nibusie Baba. Kila wiki nasema nitakuja, kisha naogopa kukaa mbele yake nikiongea peke yangu.

Binti yako,
Avril


Todmorden,
14 Februari

Avril,

Salamu zitakuja baadaye, kwanza nikuulize: wewe ulilelewa nyumba gani?

Baba yako kaendesha basi la Burnley maisha yake yote, kwenye depo ya mabasi iliyojaa midomo michafu, na hajatukana hata siku moja, maana marehemu mama yake angemfufukia. Ng'ombe wa Barker walipolala barabarani na basi limejaa, alisemaje? "Bukta ya shangazi!" Alipopangiwa zamu ya Krismasi? "Uji wa askofu!" Na msimamizi wake alipomwibia siku zake za likizo, alisimama mbele ya wote akasema, "Mkate na mafuta, Bwana Haigh, mkate na mafuta!" na Haigh akawa mwekundu kuliko basi lenyewe. Kuna aliyecheka? Wewe umesoma hadi umeanza kusahau, mwanangu, lakini bado nakusifu kwa watu.

Basi juzi nikakaa jikoni, nikauchukua mchezo wako nikaanza kuusoma kwa sauti, kila penye tusi naweka neno la baba yako. Nikafika kwenye boneti inayoanguka. Nikakwama, nikawa natafuta lipi litafaa.

Kwenye kiti cha baba yako nikasikia: "Mkate na mafuta!"

Avril, birika liliniponyoka. Akasema tena! Nikamletea kikombe, "Hiki nini, Wilf?" Kimya, mdomo unahangaika, hapana. Nikamwangushia sufuria kwa makusudi. "Uji wa askofu!" Yule mama wa hospitali anasema maneno ya mtu kushtuka hukaa chumba kingine kichwani, na chumba hicho hakikuguswa. Sasa nyumbani kwetu vyombo vinaanguka kutwa.

Karatasi sijazirudisha. Wewe uko wapi?

Mama


Bristol,
24 Februari

Mama yangu,

Nilisoma barua yako kazini, nikalazimika kujifungia chooni.

Nakutumia mchezo mpya. Matusi hayapo, na umekuwa mkali kuliko mwanzo. Mle ndani kuna mtu mpya: Mzee Amos, dereva mstaafu anayekaa kando ya jiko la depo. Hasemi kitu ila maneno ya kushtuka. Msimamizi akidanganya, Amos ndiye anayemuumbua, kwa "Bukta ya shangazi!" basi.

Unajua nimemwandikia nani. Ila usimlazimishe, Mama. Akikataa kutoka nje, mpeni mwingine, wala nisionewe huruma.

Avril


Todmorden,
19 Machi

Mwanangu mpenzi,

Najua nimekaa kimya. Sikutaka kukuandikia habari mbaya, nikangoja ipoe.

Alitoka. Alivaa kofia mwenyewe, tukaenda mazoezini, nami nikatembea katikati ya barabara ili kila mtu atuone. Zamu yake ilipofika, neno halikutoka. Hata moja. Watu wakatazama viatu vyao. Alirudi nyumbani akapanda kitandani na kofia yake, akakataa kushuka, hata kwa utumbo na vitunguu anavyovipenda. Bi Thirza akaanza kutafuta Amos mwingine.

Ndipo Jabez akaja, yule kondakta wake wa zamani. Kasimama mlangoni pa chumba: "We Wilf, nasikia umeogopa akina mama wa kanisa! Mwanaume mzima, hata bukta imekushinda kuivua mdomoni? Nipe mimi hiyo kofia nikacheze."

Baba yako akaketi. "Bukta ya shangazi... yako, Jabez!"

Yako, Jabez. Avril, hayo mawili hayakuwamo kwenye yale maneno yake ya kushtuka! Jabez akalia kama mtoto, kisha akaomba chai.

Jana mazoezini Jabez alisimama pembeni akimchokoza, na hakukosa hata mara moja. Bi Thirza kacheka hadi kaomba radhi. Nimeshatangaza buchani.

Jina lako bado. Anasema "A", anasimama, anagonga fimbo kwa hasira, anarudia. Uje akuone, labda litamalizika, na lisipomalizika utakuwa umekaa naye. Shangazi yako anatoka Burnley, depo wanaleta basi zima, nimekuwekea kiti cha mbele karibu na jiko la Amos. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 31 Machi, saa moja jioni.

Mama yako