Mulembe Haifungui Tena

Nabwire wangu,

Kompyuta yako bado iko Busia, chumbani kwa mama yako, juu ya ile meza yenye mguu mfupi. Kila Jumamosi natoka Tororo kuja kuiangalia. Na nikuambie kabla sijaanza kulia: darasa letu liko hai.

Ila nusura life.

Unakumbuka ulivyotaka wanawake wa kule kijijini Mwello wajifunze kuandika programu bila kununua kompyuta? Seva, yaani kompyuta ya kuwahudumia wote, ikae kwako, wao waifungue kwa simu, waandike programu kwenye daftari za masomo za kwenye skrini ulizotunga, na mashine yako iwafanyie hesabu. Nywila ukachagua "mulembe", salamu yenu Wasamia. Nikabisha. Ukacheka mpaka ukashika tumbo: "Wewe Athieno, mtu amesema mulembe mlangoni, utamuacha nje aje?" Ukaongeza kwamba sisi watu wa Tororo tunaogopa hata kuku. Basi nikakubali.

Lakini hapa mpakani nani hasemi mulembe? Baada ya matanga yako, mtu tusiyemjua alilijaribu neno hilo, akaingia. Na daftari hizo zinamtii yeyote aliye ndani. Akafuta masomo yako kadhaa, akaitumikisha mashine kwa mambo yake mpaka feni ikawa inalia mchana kutwa. Mama yako akaogopa: "Zima hii kitu, mwanangu, itatuletea polisi." Nilimwomba anivumilie mpaka Jumamosi inayofuata, akakubali shingo upande. Nilikukasirikia, Nabwire. Wewe uko kaburini na mimi nakukasirikia, jamani.

Nikachomoa intaneti, nikasafisha mashine yote, nikaanza upya. Masomo niliyarudisha kutoka nakala ulizonitumia. Sasa seva haiusikilizi mtandao mzima; inasikiliza ndani ya kompyuta yenyewe tu. Wa nje wanapita njia moja ya faragha, yanayopita humo hayasomeki kwa mtu mwingine, na kila mwanafunzi ana ufunguo wake kwenye simu. Nywila mpya ni ndefu na haina maana kwa lugha yoyote. Kulifuta neno lako kuliniuma, maana lilikuwa wewe mzima, mtu wa kumwambia kila mtu karibu ndani, karibu ndani.

Jumamosi ilipofika, mama yako alikaa kando yangu, mikono kifuani. Wanawake wa Mwello wakaanza kuingia, majina yakatokea kwenye skrini, moja, halafu jingine. Mmoja wao akachora grafu ya mvua ya shamba lake, nasi tukaiona hapa Busia. Feni ilikuwa kimya. Mama akaniuliza kama na yeye anaweza kupata ufunguo, nikampa.

Kimebaki kitu kimoja. Nilipokuwa nawatengenezea wote funguo, mkono wangu ulikutengenezea na wewe. Sijui niliwaza nini. Kanuni niliyowapa ni kwamba asiyeingia tena, ufunguo wake unafutwa, kwa sababu ufunguo usio na mtu ndio anaoutafuta mwizi. Wako nimeuruka kila Jumamosi, nikijifanya sikuuona.

Leo naufuta. Masomo yako yanabaki, na jina lako liko juu ya kila moja. Nakuahidi nitawafundisha mpaka wao wenyewe wafundishe wengine, na hakuna atakayewaingilia tena.

Pumzika, dada yangu. Nabonyeza sasa.

Athieno