Nilitafuta Video Mwenyewe, Kidole cha Mke Wangu Kikajikunja

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa barua hii ina shukrani nyingi kuliko malalamiko. Mimi ni seremala, mke wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, mtaalamu wa viungo akatuagiza tufanye mazoezi nyumbani, na mkwe wetu, mke wa mwanetu, Mungu ambariki mtoto wa watu, ndiye aliyetutafutia video za mazoezi kwenye simu bila kununa hata mara moja, hadi alipojifungua akaenda kwao, nami nikaona haya kumsumbua mzazi. Nikabaki naitazama simu kama nyoka. Nikaandika “mkono”, wakaja mabondia wanatwangana, mke wangu akacheka hadi machozi, “Baba watoto, unanitafutia pambano?” Nikajaribu tena, nikaandika kirefu, “mazoezi ya vidole baada ya kiharusi”, akatokea mama mwenye koti jeupe anaeleza taratibu, tukamfuata na sponji ya vyombo, minya, achia, minya, achia, na wiki hii kidole gumba kimejikunja chenyewe, tukatazamana, tukalia. Sasa mwenzangu anataka tuendelee, ila mimi naogopa, nikichagua vibaya nikamuumiza je? Mkwe akipiga namwambia, “Tunakungoja mwanangu, simu siziwezi.” Nifanye nini?

Jibu: Baba, hongera, na mpe mama pole yangu na hongera zake. Sasa nikugombeze kidogo. Simu huiwezi, na maneno yale aliandika nani, jirani? Kupata mabondia si kushindwa. Hata mimi neno la kwanza likigoma naongeza la pili na la tatu. Kutafuta unajua.

Lakini hofu yako usiitupe yote, maana kupata video ni jambo moja, kuiamini ni jingine. Kila zoezi jipya, mwonyeshe kwanza mtaalamu wenu wa viungo. Mama akisikia maumivu, acheni papo hapo, hata anayefundisha awe amevaa makoti matatu.

Na huyo mkwe unamstahi kwa kumficha habari njema! Ananyonyesha huku roho iko kwenu, anadhani mama mkwe wake amekaa tu. Mpigie leo, mshukuru vizuri, kisha mpe mama simu amsimulie mwenyewe. Wakimaliza kulia na kucheka, mwulize mama anataka mkono ule ufanye nini tena, ukaandike kwenye simu hayo hayo atakayosema.