Dawa ya Fukusi Katika Depo ya Eustache

Rwezamenyo, Kigali
18 Agosti 1991

Mpendwa Mama Mdogo Mukashema,

Asalaam aleykum. Habari za Bujumbura? Mgongo wako umepoa kidogo? Sisi huku tuko hai, alhamdulillahi, ila nyumba imenyamaza.

Ulisikia kwamba mtoto wa Mama alizaliwa kabla ya wakati, wala hakulia. Hukusikia sababu, maana hapa watu wanasema ni kudra. Mimi nasema ni Eustache, yule mfanyabiashara wa maharage wa Gatsata.

Mama alikuwa kibarua kwenye depo yake. Yeye na vibarua wenzake, akina Kabagwira, walichambua maharage, kisha wakayachanganya na dawa ya fukusi kwa mikono mitupu, mlango umefungwa ili upepo usiipeperushe dawa ya bwana. Mimba ikakulia humo. Mama akaanza kuumwa kichwa, kutapika, kutoka jasho, macho kuona ukungu. Alipoomba kupumzika, Eustache akamcheka: "Mama Kaze, dawa inaua fukusi. Kwani wewe ni fukusi?" Wote wakacheka, hata Mama.

Hospitalini daktari alisema Kifaransa, na mkalimani nilikuwa mimi. Unanijua, mbele ya mgeni sauti yangu hupotea. Lakini siku hiyo nililazimika kumwambia mama yangu, kwa mdomo huu, kwamba dawa ile hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi, kwamba imemdhuru yeye, na huenda ndiyo iliyomwondoa mtoto. Daktari alisema "huenda". Neno hilo nalo nililitafsiri. Moyoni nililitupa.

Sasa nikuambie asilolijua Mama. Béatha, mke wa Eustache, naye ana mimba, na hushinda humo humo depo akipima maharage kwenye mizani. Niliiona mimba yake mapema, nikanyamaza. Watu walidhani ni aibu yangu ya kila siku. Haikuwa aibu. Nilitaka Eustache naye abebe kitu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe, aujue uzito wake.

Wiki iliyopita Béatha akaja kutupa pole. Alileta uji, kama wanavyoletewa wazazi hapa, akaketi kitandani akamlisha Mama kwa kijiko, kwa kuwa mikono ya Mama bado inatetemeka. Alipoinama, nikaisikia dawa kwenye kitenge chake. Harufu ile ile aliyokuwa akirudi nayo Mama. Nikatoka nje, nikajua siwezi tena kunyamaza.

Kesho yake nilikwenda Gatsata. Depo ilijaa wateja. Nikasimama mbele ya mizani, nikamwambia Béatha yote aliyosema daktari, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

Eustache akasema, "Huyu si yule bubu wa Mama Kaze? Leo amekula nini?"

Nikamjibu, "Nimekula maharage yako."

Mteja mmoja akaweka gunia chini, akaondoka. Béatha alivua aproni, akaiacha juu ya mizani, akashika njia ya kwa mama yake, huko Ndera. Amesema harudi mpaka ajifungue. Akina Kabagwira nao wakatoka. Sasa Eustache anachanganya dawa mwenyewe, anakohoa, na mimi hupita pale makusudi nimtazame.

Mama ananisifu kwamba nimemwokoa mtoto wa watu. Ni kweli nilikwenda kwa ajili yake. Lakini Mama Mdogo, nilipomwona yule mtu amebaki peke yake na magunia yake, nilisikia utamu ambao sijawahi kuusikia, na siutubii.

Nisalimie Baba Mdogo, Manzi na Umulisa. Mama anakusalimu sana; mikono ikitulia atakuandikia mwenyewe. Mwombee Béatha ajifungue salama. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Ila Eustache, Mungu asimchukue kwanza. Bado sijamaliza naye.

Mwanao akupendaye,
Kaze